Kufufua Tarakilishi Ndogo: Mlango Ulioachwa Wazi na Mlango Uliofungwa

Utangulizi

Makala haya yananuia kueleza jinsi tarakilishi za mkononi na vipakatalishi vidogo vya miaka ya 1990 na 2000 vinavyofanyiwa marekebisho na kurejeshwa kazini muda mrefu baada ya watengenezaji wake kuviacha. Tarakilishi ya mkononi, katika muktadha huu, ni mashine inayoenea kiganjani au mfukoni, yenye kiwambo, kumbukumbu na aghalabu kibodi yake yenyewe. Kipakatalishi kidogo nacho ni tarakilishi kamili iliyopunguzwa umbo hadi kukaribia ukubwa wa kitabu.

Wahenga walinena kwamba usiache mbachao kwa msala upitao. Hata hivyo, biashara ya tarakilishi imejengwa juu ya kuacha mbachao kila baada ya miaka michache. Swali linalozuka ni hili: kwa nini mashine mbili zilizouzwa katika kipindi kimoja hutofautiana sana katika maisha yao, moja ikiwa ingali inaandika barua hadi leo na nyingine ikiwa gofu tupu? Inadaiwa hapa kwamba jibu halimo katika ubora wa vipuri pekee. Mashine hufufuka pale ambapo mtengenezaji aliuacha mlango wazi kwa mtu mwingine kuingia: katika nishati, katika hifadhi, katika msimbo na katika maelezo yaliyoandikwa. Milango hiyo itajadiliwa mmoja baada ya mwingine.

Mlango wa kwanza: nishati

Sehemu inayotangulia kufa katika mashine nyingi ni betri. Mfano mwafaka unapatikana kwa kulinganisha vifaa viwili. Psion Series 5, iliyotolewa na kampuni ya Psion ya Uingereza mwaka 1997, hutumia betri mbili za ukubwa wa AA, zile zile zinazotiwa katika saa ya ukutani. Palm V, iliyotolewa Marekani mwaka 1999, ilikuwa nyembamba na ya kuvutia zaidi, lakini betri yake ya lithiamu ilifungiwa ndani ya kasha lililogandishwa kwa gundi. Anayetaka kuibadilisha hulazimika kulipasha kasha joto ili gundi ilainike, kisha alibandue kwa tahadhari asije akakivunja kiwambo. Leo mwenye Psion huhitaji duka la rejareja tu, ilhali mwenye Palm V huhitaji fundi, joto na bahati.

Vipakatalishi navyo hutumia pakiti za lithiamu ambazo ndani yake mna seli kadhaa na saketi ya kudhibiti uchaji. Fundi hodari anaweza kuifungua pakiti na kubadilisha seli zilizochoka. Kazi hii ina hatari yake, kwani seli ya lithiamu ikilehemiwa ovyo, ikitobolewa au ikichajiwa kupita kiasi huweza kushika moto. Aidha, mashine nyingi huwa na betri nyingine ndogo juu ya bodi, yenye jukumu la kuhifadhi saa na mipangilio. Betri ya aina hiyo inayochajika ikisahaulika kwa miaka mingi huweza kuvuja kemikali inayokula nyaya za bodi. Kikulacho ki nguoni mwako. Kwa sababu hiyo, hatua ya kwanza ya ufufuaji ni kuifungua mashine, kuichunguza betri hiyo na kuiondoa kama imeanza kuvuja, kabla ya kujaribu kuiwasha.

Ni vyema pia kutaja maungo yanayosogea. Series 5 ilisifika kwa bawaba yake, iliyobuniwa na Martin Riddiford, ambayo huisogeza kibodi mbele kila mashine inapofunguliwa. Bawaba hiyo ndiyo fahari ya mashine na ndiyo pia chanzo cha maradhi yake, kwani waya bapa unaokiunganisha kiwambo na bodi hukunjwa kila mara na hatimaye hupasuka. Kiwambo huanza kuonyesha mistari, kisha huzimika. Kiwambo chenyewe huwa hakina dosari, na aliyeweza kuubadilisha waya huo ameirejesha mashine nzima.

Mlango wa pili: hifadhi

Toshiba ilitoa Libretto 20 nchini Japani mwaka 1996. Ilikuwa na uzani wa takribani gramu 840 na umbo lisilozidi sana kaseti ya video, na bado ilikuwa tarakilishi kamili ya kuendeshea Windows 95. Ndugu yake, Libretto 100CT ya mwaka 1998, ilikuwa na prosesa ya Pentium ya megahezi 166 na haikuweza kupokea kumbukumbu inayozidi megabaiti 64. Ndani ya mashine hizi mlikuwa na diski ngumu inayozunguka, ambayo baada ya miongo miwili huanza kulia, hukwama na kisha hufa.

Hapa ndipo kanuni ya mlango wazi inapojidhihirisha. Diski ya Libretto huzungumza na bodi kwa utaratibu sanifu uitwao IDE. Kadi ndogo za kumbukumbu za CompactFlash, ambazo zilienea kupitia kamera za dijitali, zilisanifiwa ziweze kufuata utaratibu uo huo. Hivyo basi, kwa kutumia kiunganishi sahili kisicho na akili yoyote ya kielektroniki, kadi ya kamera hukaa mahali pa diski, na tarakilishi haitambui kwamba imebadilishiwa. Mashine huwa kimya, hupata joto kidogo na haiogopi kutikiswa. Kwa kuwa Libretto haina kisomeo cha sidii, fundi huitia kadi hiyo katika tarakilishi nyingine, hunakili humo faili za kusakinisha mfumo endeshi, kisha huirejesha. Mbinu iyo hiyo ilitumika kwa Sharp Zaurus SL-C3000 ya mwaka 2004, tarakilishi ya mkononi iliyokuwa na diski ndogo ajabu ya gigabaiti 4 ambayo wamiliki waliibadilisha kwa kadi.

Kinyume chake ni Asus Eee PC 701 ya mwaka 2007 kutoka Taiwani. Hifadhi yake ya gigabaiti 4 ililehemiwa moja kwa moja juu ya bodi. Isitoshe, kadi zote za aina hii huchakaa kwa kuandikwa mara nyingi, na iliyolehemiwa haibadilishiki kwa bisibisi. Walioitaka mashine hiyo iendelee kuishi waliusakinisha mfumo endeshi katika kadi ya SD na kuiwasha kupitia hapo. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa, ila dirisha lilisahauliwa wazi.

Kuongeza uwezo: marekebisho ya ndani

Ufufuaji haukomei katika kuirejesha hali ya awali. Wapo waliozifanya mashine hizi zipite kipimo cha kiwandani. HP 200LX ya mwaka 1994, iliyobeba MS-DOS 5.0 ndani ya kumbukumbu yake ya kudumu, ilikuwa na prosesa ya takribani megahezi 8. Mwendo wa prosesa hufuata mdundo wa kipande kidogo cha fuwele kilicho juu ya bodi. Mafundi walikiondoa kipande hicho na kulehemu kingine chenye mdundo maradufu, na mashine ikaongeza mwendo bila kubadilishwa prosesa. Wengine waliongeza kumbukumbu kutoka megabaiti chache hadi makumi ya megabaiti.

Katika Eee PC 701 hali ilikuwa ya kustaajabisha zaidi. Prosesa yake ilikuwa ya megahezi 900, lakini kiwandani iliendeshwa kwa megahezi 630. Watumiaji waliandika programu ndogo za kuirejeshea mwendo wake kamili. Wengine walilehemu vifaa vya ziada ndani ya kasha, vikiwemo viwambo vya kugusa na redio za Bluetooth. Hata hivyo, kila ongezeko lina gharama yake: mwendo ukizidi, joto huzidi na betri huisha mapema. Fundi mwenye busara hupima faida na hasara kabla ya kushika chuma cha kulehemu.

Mlango wa tatu: msimbo

Mwili ukishapona, swali linalosalia ni la roho, yaani programu. Mifumo endeshi mingi ya tarakilishi za mkononi ilichomwa katika kumbukumbu ya kudumu na haikuruhusu kurekebishwa. Kampuni ilipoacha kuitunza, kasoro zake zilibaki vilevile daima.

Sharp Zaurus SL-5500 ya mwaka 2002 ilifuata njia tofauti. Iliuzwa ikiwa na Linux, mfumo ambao msimbo wake husomwa na kurekebishwa na yeyote. Watumiaji hawakukawia kuunda mfumo mbadala ulioitwa OpenZaurus. Ili kurahisisha kazi ya kuzijenga programu za mashine ndogo, mwaka 2003 wahusika wa mradi huo na wa miradi jirani waliunganisha zana zao zikawa OpenEmbedded. Zana hiyo baadaye ilikuwa mojawapo ya misingi ya Yocto, mradi uliotangazwa mwaka 2010 chini ya wakfu wa Linux Foundation, ambao hutumika kuijenga mifumo ya vifaa vingi vya viwandani na vya nyumbani. Zaurus yenyewe ilikoma kutengenezwa, lakini maarifa yaliyozaliwa katika kuirekebisha yameishi kuliko yenyewe.

Haki iyo hiyo ya kuufungua msimbo iligusa Kiswahili. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, tafsiri ya Kiswahili ya programu huria za ofisi. Watafsiri hawakuhitaji kuomba idhini ya kampuni wala kusubiri Kiswahili kionekane kuwa na faida sokoni. Waliingia kupitia mlango ule ule uliopitiwa na mafundi wa Zaurus.

Maandishi yaliyomo ndani

Kwa wanafunzi na wahadhiri wa lugha, jambo lenye uzito zaidi huenda ni hili: mashine hizi zilikuwa kalamu. Katika HP 200LX na Psion Series 5, maandishi yaliyokaa katika kumbukumbu ya ndani hudumishwa na umeme. Betri kuu zikiisha, betri ndogo ya akiba huyalinda. Nayo ikiisha, kila kitu hufutika. Mswada wa tamthilia, shajara, au orodha ya msamiati iliyokusanywa uwandani huweza kutoweka kwa sababu ya betri moja ya bei ndogo iliyosahauliwa kabatini. Aliyehifadhi kazi yake katika kadi ya CompactFlash angali na tumaini. Hata hivyo, faili za Psion zimeandikwa katika umbizo lake lenyewe, hivyo ni salama zaidi kuyageuza maandishi kuwa matini ghafi mashine ingali hai.

Mipaka ya ufufuaji

Si haki kudai kwamba mashine kongwe huweza kila kitu. Kadi zake za mtandao zisizo na waya aghalabu hazielewi usimbaji wa sasa, na vivinjari vyake vya kale hukataliwa na tovuti nyingi kwa sababu ya kanuni mpya za usalama. Hata programu huria hazina subira isiyokoma: Debian 13, iliyotolewa mwaka 2025, haina tena kisakinishi cha prosesa za biti 32 za aina iliyomo katika Libretto na Eee PC 701. Kwa upande mwingine, mfumo wa NetBSD una matoleo mahususi ya Zaurus na ya baadhi ya tarakilishi za mkononi zilizouzwa na Windows CE. Matumizi yanayozifaa mashine hizi, basi, ni kuandika, kuhesabu, kujifunza na kuzisoma faili za kale, kazi ambazo hazihitaji mtandao.

Hitimisho

Imebainika kwamba uhai wa tarakilishi ndogo hutegemea maamuzi yaliyofanywa siku ya kuisanifu. Betri ya dukani, utaratibu sanifu wa diski na msimbo unaosomeka vilizipa baadhi ya mashine maisha ya pili. Gundi, kulehemu na msimbo uliofichwa vilizinyima nyingine. Sheria nazo zimeanza kulitambua hili. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 kuhusu betri inataka kuanzia Februari 2027 vifaa vingi viwe na betri ambayo mtumiaji anaweza kuiondoa mwenyewe, jambo ambalo Psion ililitekeleza miaka 30 kabla. Bawaba ya Riddiford nayo haikupotea, kwani mwaka 2018 kampuni ya Planet Computers ya London ilitoa Gemini, kifaa kilichorithi usanifu huo.

Unasalia mlango wa nne, ule wa maelezo yaliyoandikwa. Hakuna fuwele iliyobadilishwa wala waya uliorekebishwa bila mtu kuandika alivyofanya ili mwingine afuate. Kiswahili hakikosi maneno ya kazi hii. Fundi wa kibandani husema kulehemu, bawaba, kipuri, bisibisi na waya bila kusita. Wataalamu wa lugha wakiyachukua maneno hayo kutoka kinywani mwake na kuyaandikia miongozo, fundi wa kesho hatalazimika kujifunza lugha nyingine kabla ya kuifungua mashine.