Ziwa Kivu: kombe ni rahisi, usalama ndio ghali

Kuandaa mbio za mitumbwi au za kuogelea huko Goma na Bukavu si kununua kombe na medali tu. Gharama nzito ziko majini: jile za kuokoa maisha, waokoaji, muuguzi, na boti ya motere inayochoma esansi mpaka mchezaji wa mwisho afike. Ziwa Kivu lina kina cha karibu mita 480, na sehemu nyingi hushuka ghafla karibu na ufuo. Anayechoka hana pa kusimama. Tena hakuna mlango wa kuuzia tiketi: watu hutazama bure kutoka kando ya ziwa. Ndiyo maana vilabu vya wachezaji wasiolipwa hutegemea michango na wafadhili. Pesa zikikosekana, kombe linaweza kuwa dogo. Boti ya kuokoa haiwezi kukosa.