Gari Linakataa Saa Ngapi?

Magari mengi yanayofika Kazimia yameshazeekea kwingine. Kazimia ni bandari ndogo ya Ziwa Tanganyika, kusini mwa Baraka katika eneo la Fizi, na gari linaloweza kuzimudu barabara za huko karibu siku zote ni la mazutu: Land Cruiser iliyotumikia shirika la misaada kwa miaka kabla ya kuuzwa, au Fuso ya mizigo ambayo mita yake ya kilomita iliacha kusoma zamani. Haya ni magari magumu, hayafi upesi. Ila yana ugonjwa mmoja unaorudi kila mara. Alfajiri dereva anazungusha ufunguo, starta inalia, injini inazunguka na haishiki. Vijana wanaitwa kusukuma. Ikifika jioni, chini ya mwembe, mtu anatamka maneno ninayoyaogopa kuliko mgongano wowote wa chuma: “Taimingi imehama.”

Huenda ni kweli. Mara nyingi si kweli, na spana inapogusa boliti za pampu ya mazutu kabla ya chujio kufunguliwa, gari lililokuwa na ugonjwa mmoja linarudi nyumbani na magonjwa mawili.

Injini ya mazutu haina cheche. Rudolf Diesel, Mjerumani aliyepata hataza mwaka 1893 na kuonyesha injini inayofanya kazi huko Augsburg mwaka 1897, alitegemea jambo moja tu: hewa ikibanwa ghafla inapata moto. Aliyewahi kujaza upepo tairi ya baiskeli kwa pampu ya mkono ameusikia moto huo vidoleni. Injini ya 1HZ, iliyomo ndani ya Land Cruiser nyingi za mashariki mwa Kongo, ilitolewa na Toyota mwaka 1990. Ina silinda 6, lita 4.2, na kila silinda inaibana hewa mpaka ibaki kiasi cha sehemu 1 kwa 22 ya nafasi yake ya awali. Kwa hesabu ya karatasini, hewa ya digrii 25 ikibanwa hivyo bila kupoteza kitu inapita digrii 700. Ndani ya chuma kilicholala usiku kucha haifiki huko. Kuta za silinda zinanyonya joto, na hewa yenyewe inapenya kando ya ringi na vali. Inayobaki, ikiwa bado na moto wa kutosha, ndiyo inayowasha mazutu yanapopulizwa na injekta.

Kwa hiyo gari linahitaji joto, linahitaji mazutu, na linahitaji hivyo viwili vikutane kwa wakati wake. Taimingi ni hilo la tatu. Kulianza hilo wakati mawili ya kwanza hayajapimwa ni kutafuta mwizi kwa jirani wakati mlango wako hukuufunga.

Joto linaanzia mahali ambapo watu hawapatazamii: batri. Starta nzima ikizungusha injini mara 200 kwa dakika, pistoni inapanda na kumaliza kubana kwa sekunde 0.15. Batri ikichoka na mizunguko ikashuka hadi 100, kubana kunachukua sekunde 0.3, maana yake hewa imepewa muda mara mbili wa kupoa na kuvuja. Gari linaonekana linazunguka, dereva anaapa batri ni nzima kwa sababu taa zinawaka, kumbe ndani moto haupatikani. Batri iliyojaa inasoma karibu volti 12.6 ikiwa imetulia. Starta ikiwa inafanya kazi isishuke chini ya volti 10 hivi. Ikishuka, au ikibaki juu huku starta ikijikokota, angalia nyaya kabla ya kununua chochote, hasa ule mnene unaotoka kichwa hasi cha batri kwenda kwenye bodi na injini. Mwambao wa ziwa una unyevu, na chini ya boliti ile kutu hujificha vizuri.

Bujii za joto zinafuata. Injini kama 1HZ haipulizi mazutu moja kwa moja juu ya pistoni, inayapuliza kwenye chemba ndogo pembeni, na chemba hiyo ikiwa baridi inakula joto jingi. Ndiyo sababu kila silinda imewekewa bujii inayoiva nyekundu kwa sekunde chache kabla ya kuwasha. Kuzipima hakuhitaji mashine. Ondoa ubapa wa shaba unaoziunganisha zote, chukua balbu ya taa ya gari yenye nyaya mbili, waya mmoja kwenye chanya ya batri, mwingine gusa kichwa cha bujii. Balbu ikiwaka, bujii inapitisha umeme. Isipowaka, hiyo imekatika. Mbili zikifa kati ya sita, injini itaanza kwa kuchechemea, ikitetemeka na kutoa moshi mweupe dakika nzima. Zikifa nne, ndipo vijana wa kusukuma wanapopata kazi ya kudumu.

Kazimia kwenyewe kuna ukarimu wa hali ya hewa. Uso wa ziwa uko kama mita 773 juu ya bahari, usiku hauna baridi kali, na hewa bado ina asilimia 91 ya mgandamizo wa pwani ya Dar es Salaam au Mombasa. Panda na gari mpaka nyanda za juu za Minembwe, juu ya mita 2,000, mgandamizo unashuka chini ya asilimia 80 na alfajiri ina baridi ya kweli. Gari linaloamka ziwani na kugoma mlimani limekueleza jambo kubwa bila kulifungua: wakati wa kupuliza mazutu haukubadilika njiani, kilichopungua ni joto. Tafuta kwenye bujii, kwenye vali, kwenye ringi. Watu hulipa pesa nyingi kupata jibu ambalo mlima huu unalitoa bure.

Ndiyo maana fundi mzuri hafungui boneti kwanza. Dereva akisema, “Fundi, gari linakataa,” yeye anauliza, “Linakataa saa ngapi, Papa?”

Saa ina maana. Likikataa asubuhi tu, kisha siku nzima likawaka kwa kugusa, kuna njia mbili, na moshi unazitenganisha. Simamisha mtu nyuma ya sailensa wakati starta inazunguka. Asipoona moshi wowote, hata ukungu, basi mazutu hayafiki kwenye silinda. Hakuna taimingi ya kujadili hapo. Akiona moshi mweupe wenye harufu kali ya mazutu mabichi, mazutu yanafika lakini hayashiki moto, na hapo ndipo unarudi kwenye bujii, mbano au, mwisho kabisa, taimingi iliyochelewa. Moshi mweusi ni mazutu mengi kuliko hewa, anza na chujio la hewa lililojaa vumbi la barabara ya Fizi. Wa buluu ni oili inaungua.

Asubuhi bila moshi, mshukiwa wangu wa kwanza ni upepo. Tangi liko chini, pampu iko juu. Bomba la mpira likipata ufa mwembamba, halidondoshi mazutu nje, linavuta hewa ndani. Usiku kucha mazutu yanarudi tangini taratibu na asubuhi pampu inakuta bomba tupu. Ushahidi ni rahisi. Kata kipande cha bomba la plastiki linaloonyesha ndani, kiunganishe kati ya chujio na pampu, washa, tazama. Mazutu safi yanapita kama hayapo. Yenye upepo yanapita na mapovu, na povu moja refu linatosha kuzima injini. Jaribio linalomaliza ubishi ni la chupa: chuja lita moja ya mazutu kwa kitambaa safi, ning'iniza chupa juu kuliko pampu, ingiza bomba la pampu humo, na bomba la kurudisha pia. Toa upepo, washa. Gari likiwaka mara moja, na kesho yake likawaka tena mara moja, pampu na taimingi vimesafishwa jina. Ubovu uko kati ya tangi na pampu, na matengenezo yake ni bomba na klipu.

Maji nayo yasisahaulike. Mazutu yanayonunuliwa kwa bidoni, yaliyosafiri kwenye boti na kumiminwa mara kadhaa kabla ya kuingia tangini, yana nafasi nyingi za kuchota maji na mchanga. Maji ni mazito kuliko mazutu, yanatulia chini ya chujio, na chini ya chujio kuna skrubu ya kuyatolea. Ifungue juu ya chupa ya kioo, subiri kidogo, utaona mstari. Pampu ya 1HZ inalainishwa na mazutu yenyewe, haina oili yake, hivyo maji yanayopita humo yanakwangua chuma kilichosuguliwa kwa vipimo vya sehemu za elfu za milimita.

Na hapo tunafika kwenye gari la kinyume: asubuhi linawaka vizuri, mchana likizimwa likiwa moto haliwaki mpaka lipoe. Mazutu ya moto ni mepesi, na ndani ya pampu iliyochakaa yanavuja pembeni badala ya kupanda kwenda injekta. Starta haizungushi kwa kasi ya kuficha uvujaji huo. Loweka kitambaa, kikamue, kifunge kwenye kichwa cha pampu pale mabomba ya chuma yanapotokea, ngoja dakika kadhaa, washa. Likikubali, kichwa cha pampu kimekwisha. Kitambaa tu, si ndoo ya maji: chuma cha moto kikipoa ghafla upande mmoja kinaweza kukwama, na pampu iliyokwama haina dawa ya barazani. Vilevile, achana na kitambaa cha petroli kwenye njia ya hewa. Kwenye injini yenye bujii za joto, moto unaweza kuanzia mahali pasipo pake, na ringi zinavunjika kimya kimya.

Sasa taimingi. Injini ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, digrii moja ya krankishafti inapita kwa sehemu 83 za milioni za sekunde. Mazutu yanahitaji karibu sehemu moja ya elfu ya sekunde kuwa mvuke, kuchanganyika na kushika moto. Lazima basi yapulizwe kabla pistoni haijafika juu. Yakipulizwa mapema mno, moto unaisubiri pistoni njiani na injini inagonga kwa sauti kavu ya nyundo. Yakichelewa, sauti inakuwa laini, nguvu zinapotea, joto la injini linapanda, moshi mweupe unabaki hata injini ikishapata moto. Ishara hii ya mwisho naiamini kuliko nyingine zote: moshi mweupe wa asubuhi ni jambo la joto, ila ukiendelea mchana ni halali kuishuku taimingi.

Lakini taimingi haihami yenyewe tu. Kwenye 1HZ pampu inaendeshwa na gia za chuma, na mkanda wa taimingi unazungusha kamshafti peke yake. Mkanda ukiruka jino, vali ndizo zinazopotea njia, siyo pampu. Si jambo dogo. Gurudumu la kamshafti lenye meno 40, kwa mfano, likiruka jino moja limepotea digrii 9, yaani digrii 18 za krankishafti, na mkanda ukikatika pistoni zinakutana na vali. Toyota inataka ubadilishwe kila kilomita 100,000 na imeweka taa kwenye dashibodi kukumbusha. Taa hiyo inahesabu kilomita, haiuoni mkanda. Nimewahi kukuta taa imezimwa kwa bisibisi, mkanda ukiwa uleule na nyufa zake, ndiyo maana siachi kuukagua kwa macho. Kwenye Land Rover ya 300Tdi mambo ni tofauti: mkanda mmoja unaendesha kamshafti na pampu pamoja, kwa hiyo mkanda uliovutika unachelewesha vyote viwili.

Pampu ya 1HZ ikihama, basi boliti zimelegea au mtu aliizungusha. Futa oili kwa kitambaa pale pampu inapokutana na kifuniko cha gia. Chini ya uchafu kuna mistari miwili iliyochongwa, mmoja kwenye pampu, mmoja kwenye kifuniko. Ikiwa imetazamana na boliti zimekaza, mwache fundi wa taimingi apumzike. Ikiwa imepishana, usisukume kwa kukisia. Pampu inazunguka nusu ya kasi ya injini, kwa hiyo digrii moja kwake ni mbili kwa krankishafti, na milimita moja tu kwenye ukingo wake inatosha kuvuruga taimingi. Kazi yenyewe inafanywa kwa saa ya kupimia: toa plagi katikati ya mabomba ya pampu, ingiza saa, rudisha krankishafti nyuma mpaka sindano itulie kwenye sifuri, kisha izungushe mbele mpaka alama ya silinda ya kwanza. Sindano inasoma plunja imesogea kiasi gani, na kipimo kinachotafutwa hakifiki hata milimita moja. Sikio haliwezi kusikia hicho, hata la fundi wa miaka thelathini.

Fuso za zamani zenye pampu ya mstari zina njia nyingine, ya kizee na ya kuaminika. Valvu ya bomba la kwanza inatolewa, mazutu yanaachwa yatiririke, krankishafti inazungushwa taratibu kwa mkono. Mkondo unapogeuka matone, hapo ndipo pampu inapoanza kusukuma, na unasoma digrii kwenye flaiwili.

Ikibainika pampu imekwisha, benchi ya kuipimia ni kitu cha miji mikubwa. Kabla ya kuifungua, chonga alama yako mwenyewe kwa patasi kando ya ile ya kiwandani, ziba kila tundu kwa plastiki safi, si kwa matambara yanayoacha nyuzi, na ifungwe ikiwa na mazutu ndani ili isishike kutu kwenye boti. Chujio jipya lisafiri nayo.