Dalili, Mkatiko na Kasoro: Istilahi za Uchunguzi wa Chuma cha Pua kwa Hadubini ya Sumaku

Upimaji usioharibu ni uchunguzi unaokiacha kifaa kikiwa kizima na kikiendelea kufaa kwa kazi yake. Makala haya yanaeleza jinsi usumaku unavyotumika kuchunguza chuma cha pua, na yanatetea hoja kwamba Kiswahili hakina budi kutenganisha dhana tatu ambazo aghalabu huchanganywa: dalili, mkatiko na kasoro.

Chuma cha pua cha kawaida kimegawanyika ndani katika vikoa vya sumaku, yaani sehemu ndogo ambazo usumaku wa kila moja huelekea upande mmoja. Dhana hii ilitolewa na Pierre Weiss mwaka 1907, na mwaka 1931 Francis Bitter akaidhihirisha mipaka ya vikoa kwa unga laini wenye sumaku. Chuma kinaposumakishwa mipaka hiyo huhama, lakini hukwama penye chembe ngumu, penye kingo za fuwele au penye mkazo, kisha hujinasua kwa mirukoruko. Mirukoruko hiyo iligunduliwa na Heinrich Barkhausen mwaka 1919. Kwa hiyo tabia ya usumaku hubeba habari za hali ya ndani ya chuma.

Hadubini ya kani ya sumaku, iliyoanza kutumika mwaka 1987, hupitisha ncha ndogo yenye utando wa sumaku juu kidogo ya uso wa chuma. Ncha huvutwa au kusukumwa na uga unaovuja usoni, na badiliko hilo huchorwa kuwa picha inayobainisha mambo yenye ukubwa wa makumi ya nanometa. Hata hivyo, eneo linalochorwa kwa mara moja kwa kawaida halizidi mikrometa 100 hivi kila upande, na mara nyingi kipande hukatwa na kung'arishwa kwanza. Hadubini, basi, haikagui daraja. Inaeleza maana ya vipimo vya sumaku vinavyochukuliwa juu ya daraja bila kulidhuru.

Hapa ndipo suala la istilahi linapojitokeza. Picha haionyeshi ufa, bali tofauti ya usumaku. Tofauti hiyo ni dalili. Huenda imesababishwa na mkatiko, yaani mahali ambapo mwendelezo wa chuma umevunjika, au na jambo lisilo na madhara. Mkatiko nao huwa kasoro pale tu unapokifanya kifaa kisifae kwa kazi yake.

Uzito wa tofauti hii ulidhihirika nchini Marekani tarehe 15 Desemba 1967, daraja la Silver Bridge lilipoanguka katika mto Ohio na kuua watu 46. Chanzo kilikuwa ufa wenye kina cha milimita 2.5 hivi katika pingili moja ya mnyororo, mahali ambapo mkaguzi asingeweza kuona bila kufungua kiungo. Katika kifaa kingine mkatiko kama huo ungeweza kuvumilika. Katika pingili ile ulikuwa kasoro ya kuua.

Neno mkatiko, kutokana na kitenzi katika (kama kamba inavyokatika), lina mofimu ya kutendeka: hutaja hali pasipo kutoa hukumu. Kasoro ni hukumu tayari. Mkaguzi anayeandika kasoro penye dalili hutupa kifaa kizima. Anayeandika dalili penye kasoro huhatarisha maisha ya watu.