Kobalti, Bati na Sumaku ya Ajabu

Kila mtu kwetu ajua ya kuwa kobalti yatoka Katanga, na bati yatoka Maniema na Kivu. Walakini ni wachache wanaojua mambo yaliyoonekana wenye elimu walipoyeyusha madini hayo mawili pamoja na kiberiti, wakapata jiwe moja: kobalti atomu tatu, bati mbili, kiberiti mbili.

Tuanze mbali kidogo. Mwaka 1879 Mmarekani Edwin Hall aliona ya kuwa umeme ukipita katika ubamba mwembamba wa dhahabu mbele ya sumaku, unasukumwa kando. Baadaye aliona katika chuma msukumo mkubwa zaidi, maana chuma chaweza kuwa sumaku chenyewe.

Sasa, katika jiwe letu, atomu za kobalti zimepangwa pembe tatu tatu, kama matundu ya kikapu. Likipoa chini ya digri 96 chini ya sifuri, lageuka sumaku. Mwaka 2018 ilitangazwa ya kuwa hapo umeme wageuzwa kando kwa nguvu sana, hata bila sumaku nyingine karibu: kwa sehemu tano ziendazo mbele, kama moja yaenda kando.

Sababu yake ni nini? Jiwe hili ni nusu-metali: elektroni zake za kuchukua umeme ni chache, na ngazi mbili za nguvu zao zagusana katika nukta tu. Nukta hizo zaitwa kwa jina la Mjerumani Hermann Weyl, aliyeandika hesabu yake mwaka 1929. Zakaa mbili mbili, moja ya kuume, moja ya kushoto. Sumaku ndiyo inayozitenga. Na nukta zilizotengwa ndizo zinazopotosha njia ya elektroni.

Tena nukta moja peke yake haiwezi kufutwa, ila ikutane na mwenzake. Elimu ya mambo ya namna hii yaitwa topolojia. Chukua kikapu chenye mashikio mawili: ukikunje, ukikandamize, mashikio yabaki mawili, nusu ya shikio haipatikani. Vivyo hivyo uchafu kidogo ndani ya jiwe hauondoi nukta zake. Mwaka 2019 alama zake zilionekana kwa kupiga jiwe mwanga na kupima elektroni zinazoruka.

Jiwe hili lataka baridi kali, basi halifai bado kwa vyombo vya nyumbani. Lakini jingine, la kobalti, manganezi na gali, labaki sumaku hata katika joto letu la kila siku.

Nasema haya kwa nini? Nchi yetu yatoa kobalti kupita nchi zote za dunia. Mchimbaji ajua uzito wa gunia lake. Nguvu iliyofichwa ndani hakuna aliyemwambia. Padri Georges Lemaître wa Louvain hakuona hesabu kuwa adui wa misa yake. Basi, ndugu mafratri, mtakapopewa darasa la hesabu katika seminari ndogo, msilifundishe kwa haraka kama kazi ya kujaza saa. Labda mbele yenu ameketi mtoto wa mchimbaji.