Mlango wa Swichi Yetu

Mkisikia neno swichi msidhani nataka kusema habari za taa. Swichi ninayoieleza ni kisanduku chenye matundu mengi ya nyaya, nacho huunganisha kompyuta zote za shule yetu hapa Rumonge, za ofisi na za maktaba. Mwalimu wetu wa hesabu hana haja ya kupanda ngazi mpaka kilipo. Akiwa mezani pake huingia ndani yake kwa njia ya mtandao, akatoa amri, nacho kikatii.

Muhula uliopita mtu aliingia usiku akafunga matundu ya ofisini, alama za mtihani zisiweze kupigwa chapa. Kitabu cha swichi kiliandika tu kwamba amri zimetoka kwenye mashine ya maktaba. Jina la mtu halikuwamo, kwa maana neno la siri lilikuwa moja kwa wote. Sisi wanafunzi watatu tuliolijua tukaitwa kuhojiwa. Mimi sikufanya, lakini ningaliwezaje kulithibitisha?

Na huenda waliolijua hawakuwa watatu. Swichi yetu ilipokea Telnet, njia iliyoanza mwaka 1969, ambayo hupeleka kila herufi wazi. Ni kama mvuvi anayepaaza sauti kutoka mtumbwini kumwambia mkewe alipoficha fedha. Wachuuzi wote wa ndagala walioko ufukweni nao wanasikia. Mwaka 1995, huko Ufini, Tatu Ylönen alibuni SSH baada ya mtu kunasa maneno ya siri katika mtandao wa chuo kikuu chake. Njia hiyo huyafumba mazungumzo yote, aliyeko njiani asielewe kitu.

Basi mwalimu akaniita tuibadilishe pamoja. Swichi yetu ni ya Cisco. Kwanza tuliipa jina lake na jina la ukoo wa mtandao, kwani bila hayo mawili haikubali kutengeneza funguo. Kisha tukaamuru crypto key generate rsa, ukubwa wa biti 2048. Funguo ni mbili: mmoja swichi huuficha, wa pili huuonyesha, na kwa huo kompyuta yako hutambua kwamba inasema na swichi yenyewe wala si mdanganyifu. Mara ya kwanza utaonyeshwa alama ya ufunguo, mfano wa alama ya kidole. Wengi hujibu ndiyo bila kuilinganisha, na hilo ni kosa.

Halafu kila mtu akaandikiwa jina lake na neno lake la siri. Katika milango ya mbali, iitwayo vty, tukaandika login local, yaani uliza jina na neno la siri, kisha transport input ssh, yaani Telnet isiingie tena. Usifunge hivyo kabla ya kuandika majina, la sivyo utajifungia nje, upande ngazi na waya wa konsoli.

Sisi tulipanda hata hivyo. Tulisahau kuhifadhi, umeme ukakatika jioni ile ile, na swichi ikaamka na mambo yake ya zamani. Tukaanza upya, safari hii tukamaliza kwa write memory.

Aliyefunga matundu hajajulikana mpaka leo, na wenzangu wawili bado hunitazama kwa mashaka, kama niwatazamavyo mimi. Lakini jana mwalimu alinituma kufungua tundu moja la maktaba, na kitabu cha swichi kikaandika jina langu, saa na dakika.