Vumbi Jekundu la Cuyuna

Katika mji wa Crosby, jimbo la Minnesota kaskazini mwa Marekani, baiskeli nyingi zinazorudi kutoka msituni zimetapakaa vumbi jekundu. Vumbi hilo ni chuma. Njia zinazowavuta waendeshaji kutoka mbali zimechongwa juu ya vifusi vya migodi, na maziwa maangavu wanayoyazunguka ni mashimo ya wachimbaji.

Crosby ina wakazi wasiozidi 2,500, na Ironton, jirani yake, ni mdogo zaidi. Miji yote miwili ilizaliwa na madini. Mpima ardhi Cuyler Adams aliona sindano ya dira yake ikipotoka, akashuku kuna chuma ardhini. Jina la ukanda huo wa madini, Cuyuna, likaundwa kutokana na lake na la mbwa wake, Una. Shehena ya kwanza iliondoka mwaka 1911. Mawe ya huko yalikuwa pia na manganisi, inayohitajika kutengeneza feleji, kwa hiyo vita vikuu viwili vya dunia viliyatafuna kwa pupa.

Gharama ya kazi hiyo inajulikana. Tarehe 5 Februari 1924, maji na matope ya ziwa dogo yaliuvamia mgodi wa Milford, katika ukanda huo. Katika muda usiofika dakika 20 mahandaki yote yalijaa. Wanaume 41 walikufa, saba wakaokoka. Clinton Harris, aliyekuwa kwenye kituo chake chini ya ardhi, angeweza kupanda ngazi akajiokoa. Alibaki akivuta kamba ya kengele ya hatari ili wenzake wasikie, akafa akiwa hapo. Kuitoa miili yote kulichukua takriban miezi tisa, kisha uchimbaji ukaendelea mpaka 1932. Leo mahali hapo ni bustani ya kumbukumbu. Naamini kila anayekuja na baiskeli yake angepaswa kufika huko kabla ya kushuka mteremko wake wa kwanza.

Kufikia miaka ya 1980 shehena zilikoma. Pampu zilipozimwa, mashimo yalijaa maji, mengine yakawa na kina cha zaidi ya mita 30. Miti ikaota yenyewe juu ya vifusi. Mwaka 1993 Bunge la Minnesota lilitenga eneo hilo kuwa hifadhi ya burudani ya umma, yenye takriban hekta 2,000, na mwaka 2011 zikafunguliwa njia za kwanza za baiskeli za milimani, karibu kilomita 40. Nchi ya pembeni ni tambarare. Miinuko ilitoka kwa wachimbaji. Udongo huo mwekundu hupitisha maji haraka, na njia zimeinamishwa ili mvua isizikate. Barafu inapoyeyuka mwanzoni mwa majira ya kuchipua njia hufungwa, kwa sababu gurudumu moja kwenye tope linaweza kuharibu kazi ya wiki nzima. Sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa na wenyeji wanaojitolea, kwa sururu na reki.

Watu hao wanastahili heshima kubwa. Wageni wameleta migahawa na duka la baiskeli, ingawa mshahara wa msimu hauwezi kulinganishwa na ule uliokuwa ukilisha familia mwaka mzima. Hata hivyo ardhi imebaki mali ya umma, na hilo si jambo dogo katika jimbo ambalo kingo nyingi za maziwa zinamilikiwa na wenye nyumba za mapumziko. Mtoto wa Crosby huingia majini bila kuomba ruhusa ya mtu.

Lakini Cuyuna isitumiwe kuwa ushahidi kwamba shimo la mgodi hujiponya. Limeponywa na miongo ya kungoja, fedha za walipa kodi na jasho lisilolipwa. Hoja hii ni ya leo: manganisi sasa inatakiwa kwa betri za magari ya umeme, na mwaka 2023 mashine za kuchoronga miamba zilifanya kazi Emily, mji mwingine mdogo wa ukanda huohuo wa Cuyuna. Kabla jiwe la kwanza halijasafirishwa kutoka Emily, mkataba useme nani atalinda maji ya visima, nani atalipia ukarabati, na ardhi itarudi mikononi mwa nani mgodi ukifungwa.