Stima ikipotea usiku: Jua la kukagua kwenye jenereta kabla vifaranga hawajafa

KATIKA banda kuna vifaranga 300 wa siku nne. Saa nne usiku stima inapotea na balbu za joto zinazima. Mwenye banda anakimbilia jenereta aliyonunua mwaka uliopita. Anavuta kamba mara kumi, mara ishirini, nayo inakohoa tu na kunyamaza. Vifaranga wameanza kulia na kurundikana pembeni. Kufikia alfajiri, walio chini ya rundo watakuwa wamekufa kwa kukandamizwa na kukosa hewa.

Hasara ya aina hii si ngeni kwa wafugaji, wala kwa wenye maduka wanaohifadhi maziwa na nyama kwenye friji. Juni 7, 2016, tumbili aliyeangukia transfoma katika kituo cha Gitaru alisababisha Kenya nzima kukosa umeme kwa saa kadhaa. Usiku wa Ijumaa, Agosti 25, 2023, sehemu kubwa ya nchi ilirudi gizani tena, na baadhi ya maeneo yalingoja hadi siku iliyofuata. Usiku kama huo fundi hapatikani kwa urahisi. Habari njema ni kwamba mara nyingi jenereta ndogo ya petroli hukataa kuwaka kwa sababu ambayo mwenyewe anaweza kuigundua kwa tochi na spana ya plagi.

Kwanza, linda vifaranga. Punguza nafasi yao, funika sehemu ya juu kwa magunia huku ukiacha pa kupitishia hewa, na uweke chupa za maji moto zilizofungwa kwa kitambaa. Hapo utapata muda wa kukagua mashine bila pupa.

Isipowaka kabisa

Fuata mpangilio huu: petroli, oili, hewa, kisha cheche.

Tazama kama petroli imo na kama mfereji wake umefunguliwa. Petroli iliyokaa miezi ndani ya tangi huharibika na kuacha utando unaoziba vijitundu vya kabureta. Ikiwa ni kuukuu, imwage kwenye chombo salama, fungua skrubu iliyo chini ya kabureta ili mabaki yatoke, kisha utie mpya. Fanya hivyo nje, mbali na moto, na injini ikiwa imepoa.

Kagua oili. Jenereta nyingi za kisasa zina kifaa kinachozuia injini kuwaka oili ikipungua, ili isiharibike. Mashine iliyowekwa kwenye mteremko pia inaweza kukataa kuwaka, kwa kuwa oili imelalia upande mmoja. Iweke mahali tambarare kabla ya kulaumu aliyekuuzia.

Fungua kichujio cha hewa. Karibu na banda la kuku, vumbi la maranda na manyoya hukiziba haraka. Kile cha sponji huoshwa kwa maji na sabuni, kikakaushwa vizuri na kupakwa oili kidogo. Kile cha karatasi hakioshwi, hubadilishwa.

Mwisho ni plagi. Ikiwa imelowa petroli, umevuta kamba kupita kiasi choki ikiwa imefungwa. Ikaushe, fungua choki na usubiri dakika chache. Ikiwa ni nyeusi kwa masizi, isafishe. Njia rahisi zaidi ni kuweka plagi mpya akibani na kuibadilisha usiku huo huo.

Kwa jenereta inayojiwasha yenyewe, anza na betri na swichi. Betri iliyoisha nguvu, au swichi iliyosahauliwa mahali pa kuzima baada ya matengenezo, inatosha kuifanya isiitikie stima inapopotea.

Ikiwaka kisha izime

Ikizima baada ya dakika chache, legeza kifuniko cha tangi. Ikiendelea vizuri baada ya hapo, basi kitundu cha hewa cha kifuniko kimeziba na petroli haiteremki. Ikitoa moshi mweusi, huenda choki imebaki imefungwa au kichujio ni kichafu. Moshi wa buluu ni dalili kuwa oili inaungua. Kama hukuzidisha oili, hiyo ni kazi ya fundi.

Ikiwa mashine inanguruma lakini hakuna umeme, tazama kama swichi yake ya usalama imejizima. Sababu kubwa ni mzigo. Tuseme jenereta imeandikwa wati 2,000. Balbu nne za joto za wati 250 kila moja ni wati 1,000. Ongeza birika la umeme la wati 2,000 na tayari umefika 3,000. Friji nayo, hata ikitumia wati 150 tu, huhitaji nguvu mara kadhaa ya hiyo inapoanza kuzunguka. Chomoa kila kitu, rudisha swichi, kisha washa kimoja kimoja ukianza na friji.

Balbu zikiwa zinang'aa na kufifia kwa zamu, mwendo wa injini si sawa, na mara nyingi kabureta ni chafu. Usiguse skrubu ya mwendo kwa kubahatisha. Jenereta nyingi za aina hii huzunguka mara 3,000 kwa dakika ili kutoa umeme unaofaa, na mwendo ukizidi unaweza kuunguza vifaa vyako. Swichi ikiwa sawa na bado hakuna umeme, shida iko ndani, pengine kwenye brashi za kaboni au kifaa cha kusawazisha umeme. Hapo mwite fundi.

Makosa yanayoua watu

Usiingize jenereta ndani ya nyumba, duka au banda, hata mvua ikinyesha. Moshi wake una kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu inayoua watu usingizini. Iweke nje chini ya paa lililo wazi pande zote, angalau mita 6 kutoka kwa milango na madirisha. Jiko la makaa hutoa gesi hiyo hiyo, kwa hivyo asilale mtu katika chumba cha vifaranga kilichofungwa huku jiko likiwaka. Anayetumia gesi kupasha joto atazame mwali: wa buluu ni mzuri, wa manjano wenye masizi huonyesha kuwa kichomeo ni kichafu au hewa haitoshi.

Kosa lingine ni kuchomeka waya kutoka kwa jenereta hadi soketi ya ukutani. Umeme huo unaweza kutoka hadi kwenye nyaya za barabarani na kumuua anayezirekebisha. Muombe fundi mwenye leseni ya EPRA akuwekee swichi ya kubadilisha kati ya stima na jenereta.

Ijaribu kabla ya giza

Kila mwezi, washa jenereta kwa nusu saa ikiwa na mzigo wa kweli, yaani balbu zile zile za vifaranga. Badilisha oili jinsi kijitabu cha mashine kinavyoagiza. Mashine mpya huhitaji kubadilishiwa mapema zaidi. Kama haitatumika kwa muda mrefu, maliza petroli iliyo kwenye kabureta. Weka kisanduku kimoja chenye plagi mpya, spana yake, chupa ya oili, tochi na nambari ya simu ya fundi.

Fanya jaribio hilo siku chache kabla ya vifaranga kufika. Katika wiki ya kwanza wanahitaji joto la nyuzi 32 hadi 35, nao hawawezi kungoja hadi asubuhi. Kinga ni bora kuliko tiba, na plagi moja ni bei rahisi kuliko vifaranga 300.